Kutenganisha Protini kwa Nukta ya Kutua: Jambo la Maabara na Maneno Yake katika Wilaya za Tarime na Serengeti

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zifanywazo katika maabara za tiba iko moja ambayo jina lake ni gumu lakini maana yake si ngumu, nayo ni kutenganisha protini kwa kufuata mahali ambapo kila protini hupoteza nguvu yake ya umeme na kusimama. Kwa kazi hiyo tone la damu ya mtoto mchanga huweza kuonyesha kama mtoto amezaliwa na ugonjwa wa selimundu, au amerithi kinasaba kimoja tu bila ya kuwa mgonjwa, au hakurithi chochote. Majibu ni matatu, na maabara huyaandika mbalimbali. Lakini jibu haliishii maabara. Husafiri mpaka kwa mama aliyeketi kwenye benchi la kliniki, Mugumu au Tarime, na huko hufika likiwa limevikwa maneno ya Kiswahili. Mara nyingi maneno hayo ni mawili tu, na pengine ni moja.

Makala haya yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza kazi yenyewe kwa Kiswahili kinachoeleweka na msomaji asiye mwanakemia. La pili ni kuonyesha kwamba kile ambacho maabara imekitenga kwa taabu nyingi chaweza kuchanganywa tena na lugha, na kwamba dawa yake ipo katika sarufi ya Kiswahili yenyewe. Mifano imechukuliwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sababu mbili. Sehemu hizo zina nafasi katika historia ya elimu ya selimundu, na tena ni mahali ambapo Kiswahili hukaa kati ya mganga na mgonjwa wenye lugha mbalimbali za nyumbani: Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kijaluo na nyinginezo.

2. Vitenzi vya kutenga

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kutenga, na kila kimoja hubeba ndani yake ile sifa ya kitu ambayo kutenga kumetegemea. Apepetaye ulezi kwa ungo hutegemea uzito: makapi mepesi huchukuliwa na upepo, punje nzito hubaki. Achekechaye unga hutegemea ukubwa wa chembe. Achujaye chai au tui hutenga kimiminika na makapi yake. Achambuaye pamba au mboga hutegemea jicho na mkono. Aenguaye povu au mafuta ya maziwa huondoa kile kilichopanda juu ya kingine. Kutenga na kutenganisha ni maneno ya jumla yasiyotaja njia.

Maabara nayo ina njia zake zinazolingana na vitenzi hivyo. Mashine ya kuzungusha damu kwa kasi hutenga kwa uzito, na yafanana na kupepeta. Jeli yenye matundu madogo mno hutenga kwa ukubwa, na yafanana na kuchekecha. Lakini njia inayozungumzwa hapa haitegemei uzito wala ukubwa. Yategemea mahali pa kusimama. Kila protini huachwa itembee, na inapofika mahali pake hutua. Kitenzi kilicho karibu zaidi na jambo hili ni kutua. Ndege hutua, jua hutua, na mchukuzi hutua mzigo wake. Katika matumizi hayo yote mna mwendo uliokoma kwa sababu umefika, wala si kwa sababu umezuiwa.

Jina litumikalo katika lugha nyingi za Ulaya kwa mahali hapo huweza kutoholewa kuwa nukta isoelektriki. Kutohoa si vibaya, na katika maandishi ya wataalamu neno hilo lafaa kubaki, ili msomaji aweze kulifuata katika vitabu vya lugha nyingine. Lakini kwa maelezo, nukta ya kutua lina faida ya kujieleza. Neno kituo, ingawa limetoka katika shina hilo hilo, halifai, kwa kuwa kituo cha umeme tayari ni mahali pa kuzalishia au kugawia umeme. Katika makala haya maneno nukta ya kutua yatatumika.

3. Chaji ya protini, na kibuyu cha maziwa

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20. Baadhi ya asidi amino hizo, kama glutamati, zina ncha ambayo hutoa chembe ya haidrojeni yenye chaji na kubaki na chaji hasi. Nyingine, kama lisini, zina ncha ambayo huipokea chembe hiyo na kuwa na chaji chanya. Kutoa na kupokea kwategemea ukali wa kimiminika ambamo protini imo. Katika kimiminika kikali kama ndimu chembe za haidrojeni ni nyingi, na protini huzipokea mpaka jumla yake ikawa chanya. Katika kimiminika cha magadi chembe hizo ni chache, na protini huzitoa mpaka jumla yake ikawa hasi.

Ukali huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yana pH 7. Iliyo chini ya 7 ni tindikali, na iliyo juu ni besi. Ikiwa protini huwa chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, basi ipo pH moja kati ya pande hizo ambapo chanya na hasi zimelingana na jumla ni sifuri. Hiyo ndiyo nukta ya kutua. Protini iliyo katika pH ndogo kuliko nukta yake ni chanya. Iliyo katika pH kubwa kuliko nukta yake ni hasi. Iliyo katika nukta yenyewe haivutwi na umeme upande wowote.

Yafaa kuangalia hapa neno chaji. Limekwisha kuingia katika Kiswahili cha kila siku kwa njia ya simu, na huko maana yake ni ujazo: simu ina chaji au imekwisha chaji. Katika sayansi chaji si ujazo tu bali ina pande mbili. Mwalimu asiyelieleza hilo atasikika akisema kwamba protini iliyofika katika nukta yake imekwisha nguvu kama simu iliyozimika. Sivyo. Chaji zake zote zingali zipo. Zimelingana tu, kama mizani iliyopakiwa sawasawa pande zote mbili.

Athari ya jambo hili yajulikana katika kila nyumba ya mfugaji, Tarime na Serengeti, ingawa haijulikani kwa jina hili. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana pH ya kiasi cha 6.7. Yakiwekwa katika kibuyu, vijidudu vyake hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na pH hushuka pole pole. Kiasi cha asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni za jamii ya kasini, na nukta ya kutua ya kasini ni pH 4.6. Katika maziwa mabichi chembe za kasini zina chaji hasi, na kwa hiyo husukumana na kubaki zikielea. Asidi inapozidi, kusukumana hupungua. Na karibu na pH 4.6 chembe hukaribiana, hushikana, na maziwa huganda. Maji ya maziwa hujitenga, nayo hubaki na protini nyingine zisizoganda kwa urahisi. Maziwa ya mgando, basi, ni protini iliyotengwa na wenzake kwa nukta yake ya kutua. Jina lenyewe, mgando, lataja matokeo. Sayansi imeongeza sababu.

Lakini kibuyu kina mpaka wake. Chaweza kutenga kasini na protini za maji ya maziwa kwa kuwa tabia zao zatofautiana sana. Hakiwezi kutenga protini mbili ambazo nukta zake zimepishana kwa sehemu mbili tu za kumi za pH, nazo hazigandi. Kwa kazi hiyo yahitajika njia nyingine.

4. Njia ya maabara

Mwingereza W. B. Hardy, mwishoni mwa karne ya 19, alionyesha kwamba chembe za ute wa yai huenda upande mmoja wa umeme katika tindikali na upande wa pili katika besi, na kwamba kati yake pana hali ambayo haziendi popote. Baadaye Arne Tiselius wa Sweden alitengeneza chombo cha kutenganisha protini kwa mwendo wake katika umeme, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1948. Katika njia ya Tiselius pH ni moja tu kila mahali, na protini hutengana kwa kasi: zenye chaji nyingi hutangulia, zenye chaji kidogo huchelewa, na muda ukizidi zote hutawanyika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifanya pH yenyewe ibadilike kutoka ncha hata ncha. Harry Svensson, naye wa Sweden, alieleza nadharia yake mwaka 1961, na Olof Vesterberg akatengeneza katika miaka ya 1960 mchanganyiko wa molekuli ndogo ziitwazo amfolaiti. Molekuli hizo, zikipitishiwa umeme, hujipanga kwa kufuata nukta zao wenyewe, na hivyo hufanya mteremko wa pH. Mwaka 1982 ilitangazwa njia nyingine ambayo mteremko huo hufungwa ndani ya jeli tangu mwanzo, usiweze kuhama.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Hutandazwa tabaka jembamba la jeli juu ya kioo au plastiki. Ncha moja, penye elektrodi chanya, huwa na tindikali. Ncha ya pili, penye elektrodi hasi, huwa na besi. Kati yake pH hupanda kidogo kidogo. Sampuli hudondoshwa juu ya jeli, umeme wenye nguvu hupitishwa, na sahani iliyo chini hupozwa kwa maji baridi ili joto lisiiharibu jeli. Protini iliyoangukia mahali ambapo pH ni kubwa kuliko nukta yake ni hasi. Kwa hiyo huvutwa kuelekea elektrodi chanya, yaani upande wa tindikali. Kila inaposogea pH hupungua, na chaji yake hupungua pia, mpaka ifike penye nukta yake na kutua. Iliyoangukia upande wa pili ni chanya, nayo huvutwa kinyume mpaka ifike pale pale.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hujirekebisha. Protini ikipotea kidogo kutoka katika nukta yake, papo hapo hupata chaji, na umeme huirudisha. Ni kama maji ya mvua juu ya vilima viwili vinavyotazamana: yaliyonyesha upande huu na yaliyonyesha upande ule hukutana bondeni, na hakuna tone litakaloliacha bonde kwa hiari yake. Tofauti ni kwamba katika jeli kila protini ina bonde lake. Ndiyo sababu mistari inayotokea huwa myembamba na mikali, na protini zilizo karibu sana huweza kuonekana mbalimbali.

5. Himoglobini, na tarakimu za Musoma

Himoglobini ndiyo protini nyekundu ya damu inayochukua oksijeni. Ya mtu mzima wa kawaida huitwa A, nayo ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Katika selimundu himoglobini ni ya aina S. Daktari James Herrick wa Chicago alitangaza mwaka 1910 habari za mgonjwa ambaye seli zake za damu zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake watatu walionyesha, kwa chombo cha namna ya Tiselius, kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ina nukta ya kutua iliyo juu kuliko ya kawaida kwa kiasi cha 0.2 ya pH. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuonyeshwa kuwa umetokana na tofauti ya molekuli moja. Vernon Ingram, katika miaka ya 1956 na 1957, alionyesha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, asidi amino ya sita, ambayo ni glutamati, imebadilishwa kuwa valini.

Hapo mambo mawili huungana. Glutamati ina chaji hasi, valini haina chaji. Himoglobini S, basi, imepungukiwa na chaji hasi mbili, moja kwa kila mnyororo wa beta, na kwa hiyo yahitaji pH iliyo juu kidogo ili chanya na hasi zilingane. Himoglobini A hutua karibu na pH 7.0, S karibu na 7.2. Badiliko hilo dogo ndilo linalofanya pia himoglobini S ishikane na kuwa nyuzi ngumu inapoachana na oksijeni, na seli ikapinda, ikaziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Maumivu, upungufu wa damu na udhaifu mbele ya maradhi mengine hufuata. Jeli haioni maumivu. Huona chaji mbili zilizopungua.

Habari za Mara zaingia hapa. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alitangaza mwaka 1954 kwamba watu wenye kinasaba kimoja cha S wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwamba ndiyo sababu kinasaba hicho kimekuwa kingi katika nchi zenye malaria. Mwaka 1956 alitoa tarakimu za wilaya ya Musoma, Tanganyika, ambazo tangu hapo zimenakiliwa katika vitabu vingi vya elimu ya urithi. Wilaya ya Musoma ya siku hizo ilikuwa pana kuliko ya leo, na sehemu za Ikoma na Nata, ambazo sasa zimo katika wilaya ya Serengeti, zilikuwa chini yake. Katika watoto wachanga 287, waliokuwa AA ni 189, AS ni 89, na SS ni 9. Katika watu wazima 654, waliokuwa AA ni 400, AS ni 249, na SS ni 5.

Kwa hesabu ya mia, AS ni 31 katika watoto na 38 katika watu wazima. SS ni 3 katika watoto, na haifiki 1 katika watu wazima. Watoto hao na watu wazima hao si watu wale wale waliofuatwa tangu kuzaliwa, na hilo lafaa kukumbukwa. Hata hivyo maana yake ni wazi. AS huongezeka katika watu wazima kwa kuwa malaria iliwaondoa wengi zaidi katika AA. SS hupungua kwa kuwa wengi wao hawakufika utu uzima. Herufi hizo mbili, zinazoandikwa kwa mlingano namna hii, zilikuwa tofauti ya kuishi na kufa.

6. Mtoto mchanga na doa la damu

Leo SS si hukumu ya kifo cha utotoni ikiwa yajulikana mapema. Penisilini ya kukinga, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea huokoa maisha na kupunguza maumivu. Shida ni kujua mapema, na hapa ndipo njia ya nukta ya kutua ina faida kuliko nyingi za zamani. Mtoto anapozaliwa, himoglobini yake nyingi ni ya aina F, yaani ile ya tumboni mwa mama. A au S ni kidogo tu. Kwa hiyo kuangalia umbo la seli kwa darubini, au kupima kama damu yachafua kimiminika maalum, huweza kudanganya katika umri huo. Katika jeli yenye mteremko wa pH, A, F na S hutua katika mahali patatu mbalimbali, na hata kiasi kidogo cha S huonekana. Huandikwa FA, FAS au FS, herufi ya kwanza ikiwa ya himoglobini iliyo nyingi kuliko nyingine. Jibu la FS hurudiwa kupimwa kwa njia ya pili kabla ya kuthibitishwa.

Damu yenyewe huchukuliwa kisiginoni, hudondoshwa juu ya karatasi maalum, na kukaushwa. Karatasi haihitaji barafu njiani, na yaweza kupelekwa kutoka zahanati ya mbali mpaka maabara ya mjini. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa pamoja na Mara, ilitumia njia hii katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Madoa zaidi ya 17,000 ya watoto wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, yaliyokuwa yamekwisha kuchukuliwa kwa kipimo cha virusi vya UKIMWI, yalipimwa tena kwa ajili ya himoglobini. Kiasi cha mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na kinasaba kimoja cha S, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa. Muhimbili nako, Dar es Salaam, majaribio ya kupima watoto wachanga kwa njia hii yalifanywa katika miaka ya 2015 na 2016.

7. Jibu linapogeuka kuwa maneno

Sasa yafaa kutazama lugha inayolichukua jibu hilo. Neno selimundu limeundwa vizuri: seli yenye umbo la mundu. Ni neno ambalo mkulima hulielewa kwa jicho, na limeshinda tohoa ya siko seli katika maandishi, ingawa tohoa hiyo ingali ikisikika katika mazungumzo pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Lakini selimundu ni jina la seli kabla ya kuwa jina la ugonjwa, na msemo ana selimundu hutumika kwa mwenye SS na kwa mwenye AS pia. Hapo mistari miwili ya jeli imerudi kuwa mmoja.

Wengi, wakitaka kuepuka kosa hilo, husema juu ya mwenye AS kwamba amebeba vinasaba vya selimundu. Msemo huu wastahili kuchunguzwa neno kwa neno. Kubeba ni kuchukua mzigo, na katika habari za maradhi ya kuambukiza mbebaji ni yule awezaye kuwapa wengine vimelea. Msikilizaji asiyeambiwa zaidi aweza kudhani kwamba mtoto huyo ni hatari kwa wenzake. Lakini kosa kubwa zaidi limo katika neno la pili. Vinasaba ni wingi. Mwenye AS ana kinasaba kimoja cha S, si viwili. Mwenye vinasaba viwili ndiye mgonjwa. Msemo unaotumika kwa asiye mgonjwa, ukifuatwa kwa sarufi yake, wamtaja mgonjwa.

Kumbe dawa ipo katika ngeli yenyewe. Umoja na wingi wa ki- na vi- vyatosha kutenga kile ambacho jeli imekitenga: hana kinasaba cha selimundu, ana kinasaba kimoja, na si mgonjwa, ana vinasaba viwili, na ni mgonjwa. Kauli tatu, majibu matatu. Lugha za Kibantu za Mara zina ngeli za umoja na wingi za namna hiyo hiyo, na Kijaluo, ingawa si lugha ya Kibantu, nacho hutenga umoja na wingi. Hivyo mkalimani wa kliniki hatapata shida ya kuzihamisha kauli hizo.

Neno kinasaba nalo lina historia yake. Limetoka katika nasaba, yaani ukoo, na kwa hiyo humfikia kwa urahisi msikilizaji anayejua kuhesabu mababu. Lakini urahisi huo una hatari. Wakurya huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na jambo la nasaba huweza kusikika kuwa la upande mmoja. Mwenye SS amepata kinasaba kimoja kwa baba na cha pili kwa mama. Hilo lisiposemwa waziwazi, lawama hutafuta mtu wa kumwangukia, na aliyemleta mtoto kliniki ndiye aliye karibu.

Herufi pia zahitaji tahadhari. Watu wengi huzijua A, B, AB na O kuwa ni makundi ya damu ya kuongezewa, na AS hudhaniwa kuwa kundi jingine la namna hiyo. Wengine huzijua A hata F kuwa ni alama za mtihani, na katika mtihani F ni kushindwa. Mzazi anayeonyeshwa cheti chenye FA, jibu jema kuliko yote, aweza kufadhaika bure. Chanya na hasi nayo, ambayo katika kueleza jeli ni maneno ya lazima, katika kliniki ni maneno ya majibu ya vipimo, na chanya hapo ni habari mbaya. Kwa sababu hiyo habari za chaji zifundishwe darasani, zisiingizwe katika jibu la mgonjwa.

Mwisho ni kauli ya bahati. Baba na mama wenye AS huambiwa kwamba mtoto mmoja kati ya wanne atakuwa mgonjwa. Kwa Kiswahili sentensi hiyo husikika kama hesabu ya watoto wa nyumba: akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Maana halisi ni kwamba katika kila mimba, bila kujali waliotangulia, bahati ya SS ni moja katika nne, ya AS ni mbili katika nne, na ya AA ni moja katika nne. Maneno katika kila mimba ndiyo yanayobeba sentensi nzima, nayo ndiyo yanayoachwa mara kwa mara.

8. Hitimisho

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kwa kazi za namna hiyo Kiswahili kimepata istilahi za darasani. Haja iliyobaki ni ya istilahi zinazotoka darasani na maabara kwenda kliniki, ambako mtumiaji si mwanafunzi wala hana kamusi. Kutokana na yaliyoelezwa, yafaa kupendekezwa mambo manne.

Kwanza, nukta isoelektriki litumike katika maandishi ya wataalamu, na nukta ya kutua katika maelezo na mafundisho, kila moja likielekeza kwa jingine. Pili, katika majibu ya himoglobini kauli amebeba vinasaba iachwe, na badala yake ziwepo kauli tatu za ngeli ya ki- na vi-, kila moja ikimaliza kwa kusema ni mgonjwa au si mgonjwa. Tatu, herufi za maabara zisitolewe kwa mzazi bila ya sentensi ya Kiswahili kando yake. Nne, kauli ya bahati itajwe daima pamoja na maneno katika kila mimba, na pamoja na kusema kwamba kinasaba hutoka pande zote mbili.

Katika jeli, tofauti kati ya mstari wa A na mstari wa S ni ya milimita chache, na fundi wa maabara hujitahidi isipotee. Tofauti kati ya kinasaba na vinasaba ni ya silabi moja. Nayo yastahili juhudi hiyo hiyo, kwa kuwa mzazi hataiona jeli, atalisikia neno.